Kamati ya flati: namna ya kuwachagua na kuwalipa viongozi kabla hamjashikana mashati

Kama unakaa apatimenti hapa Dar, iwe Upanga, Kijitonyama, Kigamboni au kule Mbezi Beach, kuna siku lifti itagoma au pampu ya maji itaungua, alafu mtu mmoja kwenye grupu la WhatsApp ataandika "jamani si tuunde kamati". Watu wataweka dole gumba, jioni yake majina matano yameshapendekezwa, kesho asubuhi kuna mwenyekiti na anapewa hongera. Matatizo yanaanzia hapo hapo. Sio kwamba waliochaguliwa ni watu wabaya, mara nyingi ni watu wazuri tu, mama mstaafu wa benki, baba mmoja injinia, kijana anayejua kompyuta. Tatizo hakuna aliyesema hao watu watalipwa nini, kwa kazi ipi, watakaa madarakani mpaka lini na nani ana uwezo wa kuwatoa.

Msimamo wangu mimi ni huu: pangeni malipo kwanza, majina yaje baadae. Mkigeuza mpangilio, yani mkachagua watu kwanza alafu ndo muanze kujadili posho, mtakuwa mnajadili posho ya mama fulani ambaye kakaa pale mbele anawaangalia, na hakuna Mswahili atakayesimama aseme "mama huyu tumpe elfu kumi tu inatosha". Watu watanyamaza, au watasema "hao wanajitolea, Mungu atawalipa". Mungu atawalipa kweli, ila na wao watakuwa wanajilipa pembeni.

Angalia tu hela ya muhuri. Wenyeviti wa serikali za mitaa hawana mshahara, kazi wanayofanya ni nyingi, barua za benki, barua za kitambulisho, ugomvi wa mipaka, misiba, na kila mtu Dar anajua kwamba ukienda kugongewa muhuri mahali pengi utaacha kitu. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Ukimpa mtu kazi na madaraka alafu malipo ukaacha kimya, malipo yatajitafutia njia yenyewe, na ile njia hamtakuwa mnaiona kwenye hesabu.

Kwanza jueni jengo ni la nani

Hapa watu wengi wanaruka, wanaanza kuandika katiba ya kamati wakati hata hawajui kama wana haki ya kuwa na kamati yenye meno.

Kama nyote ni wapangaji wa Shirika la Nyumba la Taifa, viongozi wa shirika hamuwachagui nyie. NHC ilianza 1962, sheria inayoiongoza sasa ni ya 1990 ilipounganishwa na Msajili wa Majumba, na mwenyekiti wa bodi yake anateuliwa na Rais, wajumbe wanateuliwa na Waziri wa Ardhi. Mkataba wako wewe ni wa upangaji. Kamati ya wapangaji mnaweza kuwa nayo na ni kitu kizuri, inabeba malalamiko, inasimamia usafi wa ngazi, inaongea na mwenye jengo kwa sauti moja, lakini isianze kuchangisha watu hela za lazima wala kukodisha eneo la parking kana kwamba jengo ni la kwao. Hivyo hivyo kwa nyumba za Wakala wa Majengo, TBA, mfano Magomeni Kota pale walipojenga kwa ajili ya zile kaya 644 zilizokuwa zinakaa hapo zamani, kabla hamjaunda chochote someni mlichosaini na TBA.

Kama mmenunua, kila mtu na nyumba yake, hiyo habari ni tofauti kabisa. Kuna sheria ya mwaka 2008, Namba 16, ile ya umiliki wa sehemu ya jengo, ndo iliyowezesha mtu awe na hati ya mlango wake ghorofa ya tatu bila kumiliki jengo zima. Sheria hiyo hiyo inawafanya wenye hati wote kuwa chama kimoja cha wamiliki, chama chenye nafsi yake kisheria, kinaweza kushtaki na kushtakiwa, na ndicho kinachosimamia vitu vya pamoja: ngazi, lifti, paa, tanki, jenereta, geti, mfumo wa majitaka. Kamati au bodi inafanya kazi kwa niaba ya chama, yenyewe sio chama. Naliweka wazi hili kwa sababu kuna wenyeviti wanaongea kama jengo walirithishwa na baba zao. Muulize aliyewauzia, awe NHC, Watumishi Housing au developa binafsi, kama chama kilishasajiliwa na kanuni zake ziko wapi. Kanuni mara nyingi zipo, ziko kwenye lile bahasha la makaratasi ulilopewa siku ya kukabidhiwa funguo na hujalifungua mpaka leo.

Aina ya tatu ni ushirika wa nyumba, watu wamekusanyika wakanunua ardhi pamoja, kama wale wa Chamazi waliotoka Kurasini. Huko mnaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, msajili wenu, anaitwa Mrajis, yuko Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na bajeti ya mwaka pamoja na posho za bodi vinapita mkutano mkuu alafu makisio yanaenda kwa Mrajis. Kwahiyo ushirika tayari una reli za kupita, nyie mfuate tu. Ninayoandika hapa chini nayalenga zaidi kwa wamiliki wa apatimenti maana huko ndo kila jengo linajitungia la kwake.

Hesabu ya malipo, ifanyeni kwa mfano halisi

Chukua karatasi. Tuseme jengo lina nyumba 32 na sevisi chaji, yani mchango wa kuendesha vitu vya pamoja, ni 80,000 kwa mwezi kila nyumba. Kwenye makaratasi hiyo ni 2,560,000 kwa mwezi, au 30,720,000 kwa mwaka. Lakini wewe na mimi tunajua hazitaingia zote, kuna nyumba imefungwa, kuna mwenye nyumba yuko Dubai hapokei simu, kuna mwingine ana ugomvi na jirani kwahiyo kaamua halipi mpaka yule mwingine atoe mbwa. Piga asilimia 80. Inabaki 24,576,000. Hiyo ndo hela yenu ya kweli, na bajeti ya viongozi itoke humo, sio kwenye ile ya makaratasi.

Sasa wekeni dari. Mimi napendekeza gharama zote za viongozi, posho, simu, nauli, chai ya kikao, kila kitu, zisizidi asilimia 8 ya hela ILIYOINGIA. Sio iliyotarajiwa. Tofauti yake ni kubwa, maana kamati ikijua posho yake inategemea makusanyo haitalala, itafuatilia wadaiwa. Kwa mfano wetu asilimia 8 ni 1,966,080 kwa mwaka.

Humo ndani gawanyeni hivi. Wajumbe saba, vikao sita kwa mwaka, posho ya kikao 15,000 kwa kila aliyehudhuria, hiyo ni 630,000. Mweka hazina ana kazi kila wiki, anafukuzia watu, anakagua risiti, mpeni 50,000 kwa mwezi, mwaka 600,000. Katibu anaandika mihtasari na barua, 40,000 kwa mwezi, mwaka 480,000. Wekeni na vikao viwili vya dharura maana dharura haikosi, 210,000. Jumla 1,920,000, iko chini ya dari. Gawanya kwa nyumba 32 na miezi 12 unapata shilingi 5,000 kwa mwezi kila nyumba. Elfu tano! Mtu akisikia "viongozi wanalipwa karibu milioni mbili" anaruka juu, mwambie ni elfu tano kwa mwezi na kwa hiyo elfu tano ana haki ya kumuuliza mweka hazina swali lolote saa yoyote, uone kama hatanyamaza.

Mwenyekiti umeona hayumo kwenye malipo ya mwezi, anapata posho ya kikao tu. Ni makusudi. Kazi ya mwenyekiti kwenye flati ni kuongoza kikao, kusaini na kuwa mtu mzima pakitokea fujo. Anayechoka kweli ni mweka hazina. Majengo mengi yanafanya kinyume, mwenyekiti anapata kubwa kwa sababu ya cheo, mweka hazina anapata makofi.

Sasa njoo kwenye ule utaratibu wanaoupenda wengi, eti "wajumbe wa kamati wasamehewe sevisi chaji". Unasikika mzuri sana, hakuna hela inayotoka, hakuna kusainishana, roho nyeupe. Piga hesabu yake: wajumbe saba mara 80,000 mara miezi 12 ni 6,720,000. Zaidi ya mara tatu ya ile posho iliyowafanya watu waruke juu. Na ubaya wake haionekani popote kwenye ripoti, maana sio matumizi, ni mapato ambayo hayakuingia, mweka hazina anaandika tu "zilizokusanywa" na maisha yanaendelea. Alafu kuna mjumbe anakuja kikao kimoja kwa mwaka na amesamehewa yote. Alafu kubwa kuliko zote, ukishawasamehe watu wanaopanga kiwango cha sevisi chaji, siku wanapandisha kutoka 80,000 kwenda 120,000 wao haiwagusi. Kataeni. Kila mjumbe alipe kama wengine wote, posho yake apewe kivyake.

Kingine cha kukataa ni kamisheni ya kukusanya madeni. "Akikusanya deni anachukua asilimia kumi." Mtaona mjumbe anawaacha watu wadaiwe makusudi ili baadae akusanye akiwa na asilimia zake.

Dizeli

Nitakaa hapa kidogo maana posho isiyoandikwa mara nyingi inajificha kwenye jenereta. Umeme ukikatika kwenye jengo lenye lifti, jenereta inawaka, inakula, na hakuna anayehesabu. Mwisho wa mwezi kwenye ripoti mnaona "dizeli" na tarakimu moja nene, risiti moja imefifia hata hujui ni ya sheli gani.

Dawa yake ni daftari la jenereta. Jenereta nyingi zina mita ndogo kwenye paneli inayohesabu masaa iliyofanya kazi, ni kadude kadogo tu kenye tarakimu, watu wanapita kila siku hawakaoni. Mlinzi wa zamu akiwasha anaandika tarehe, saa na namba iliyopo kwenye mita, akizima anaandika tena. Anayeleta dizeli anaandika lita na anabandika risiti ya EFD ukurasa huo huo. Baada ya mwezi mmoja mnajua jenereta yenu inakula lita ngapi kwa saa, na kuanzia hapo mtu hawezi kuwaambia lita 200 zimeisha wakati mita imesogea masaa manane. Hamna haja ya kumtuhumu mtu, mita itaongea yenyewe. Na nimeona hivi: daftari likianza, na posho halali ikawepo, yale matumizi ya ajabu yanapungua bila kelele, kwa sababu mtu ana chake kinachojulikana na hataki aibu ya kudakwa na cha wizi.

Sasa ndo majina

Wajumbe saba wanatosha kwa jengo la kawaida. Watano kama ni dogo. Namba iwe witiri ili kura zisifungane. Mkiweka kumi na tano mtakuwa mnalipa posho ya watu wa kupiga soga.

Kuhusu wanawake msiache iwe "tukipata". Hata Baraza la Kata kwa sheria lina wajumbe wanne mpaka wanane na watatu kati yao lazima wawe wanawake, kwahiyo kwenye wajumbe wenu saba watatu wawe wanawake, andikeni hivyo kwenye kanuni. Na wasipewe uandaaji wa chai. Mara nyingi anayejua maji yalikatika saa ngapi, mlinzi gani analala na takataka hazijazolewa tangu lini ni yule anayeshinda nyumbani, na kwenye vikao vya usiku vya wanaume hayupo.

Anayegombea awe na sifa hizi, na zisomwe kabla ya kupokea majina: awe mmiliki, au awe na barua ya mmiliki inayosema waziwazi anamwakilisha, asiwe na deni la sevisi chaji zaidi ya miezi miwili, asiwe anauza chochote kwa jengo. Hili la mwisho ndo gumu. Kila jengo lina mtu mwenye shemeji mwenye kampuni ya ulinzi. Hakatazwi kugombea, ila aandike mapema "nina uhusiano na kampuni fulani" na siku inajadiliwa zabuni hiyo atoke nje ya chumba, sio anyamaze tu pembeni, atoke. Na mjumbe asiwe mwajiriwa wa jengo. Mkitaka meneja, muajirini kwa mkataba, mumlipe mshahara na NSSF yake, akae nje ya kamati na aripoti kwa kamati.

Wapangaji je? Dar hii wenye nyumba wengi hawakai kwenye nyumba zao, waliopo usiku lifti ikikwama ni wapangaji. Mimi nawapa kiti kimoja, mpangaji mmoja aliyechaguliwa na wapangaji wenzake, anaingia kikao, anaongea, anapata posho ya kikao kama wengine, ila hapigi kura kwenye mambo ya mali kama kukarabati paa au kubadilisha lifti. Kuna wenye nyumba watanuna. Wanune tu, maana mpangaji akihama kwa sababu ya kero ni wao wanaolala njaa wakisubiri dalali.

Siku ya uchaguzi

Poli ya WhatsApp sio uchaguzi. Itumieni kuuliza watu wanapenda kikao Jumamosi au Jumapili, basi. Mtu mmoja anaweza kuwa na laini tatu kwenye grupu, mke na mume wote wapo, mpangaji aliyehama mwaka juzi bado yupo anapiga kura kutoka Mwanza.

Toeni tangazo la siku 21 likiwa na ajenda, libandikwe kwenye lifti na getini, litumwe na kwenye grupu na kwa email kwa walioko nje. Kwenye ajenda mpangilio uwe huu: hesabu za mwaka uliopita, kiwango cha malipo ya viongozi kwa mwaka unaokuja, alafu uchaguzi. Malipo yapigiwe kura kwanza na matokeo yaandikwe ukutani, karatasi kubwa, kabla jina lolote halijatajwa. Ndo ule msimamo wangu wa mwanzo, na mtashangaa, wale waliokuwa wanautaka uongozi kwa nguvu wakiona ni 15,000 kwa kikao na risiti zinabandikwa, wanakumbuka wana safari nyingi mwaka huu.

Akidi, yani idadi ya chini ya kuhudhuria ili mkutano uwe halali, ipangwe kwenye kanuni, nusu ya nyumba ni sawa. Isipotimia, ahirisheni wiki moja, na kikao cha pili kiendelee na watakaokuja, ila kanuni iseme hivyo tangu mwanzo la sivyo mtu atapinga. Aliyeko nje ya nchi atume barua ya uwakilishi, iwe imesainiwa na ina jina la anayemwakilisha na tarehe ya mkutano huo huo, isiwe barua ya kudumu, na mtu mmoja asishike barua zaidi ya mbili. Bila hiyo kanuni mtakuta dalali mmoja kaja na barua kumi na moja mfukoni na yeye ndo kachagua kamati.

Kura ihesabiwe kwa nyumba, sio kwa kichwa. Angalieni kanuni zenu zinasemaje kuhusu ukubwa, maana kuna majengo ambayo kura inaenda kwa sehemu ya umiliki, mwenye penthausi ana uzito zaidi ya mwenye chumba kimoja. Kama kanuni zimesema hivyo ndo hivyo, msijitungie siku ya mkutano. Karatasi za kura ziwe na muhuri au saini ya msimamizi, na msimamizi asiwe mgombea. Mnaweza kumualika mwenyekiti wa mtaa au afisa mtendaji akae kama shahidi, inasaidia kupoza watu.

Muda wa uongozi mimi napendelea miaka miwili na mtu aweze kurudi mara moja tu. Mitano ni mirefu mno kwa flati. Na msitoe wote kwa mpigo, watatu watoke mwaka huu, wanne mwaka ujao, ili pasikose mtu anayejua valvu ya maji iko wapi.

Kulipa kwenyewe

Posho ya kikao inalipwa kwa aliyekuja na aliyekaa mpaka mwisho. Karatasi ya mahudhurio isainiwe mara mbili, kuingia na kutoka. Kikao kikivunjika kabla ya ajenda kuanza, hakuna posho. Kikao cha simu nusu saa, posho nusu. Na vikao visizidi vile vilivyo kwenye bajeti, kamati ikitaka cha tisa wakae bure, maana njia rahisi kabisa ya kujiongezea hela ni kuitisha kikao cha kujadili kikao.

Hela isitoke mkononi. Iende kwa simu au benki ili iache alama, na mwenye kuidhinisha asiwe anayepokea. Akaunti ya benki iwe ya jina la chama, yenye watia saini watatu, wawili kati yao wakisaini hela inatoka, na mmoja wa hao watatu awe mmiliki asiye kwenye kamati. Lipa namba nayo iwe ya chama. Flati inayokusanya sevisi chaji kwa namba ya simu ya mwenyekiti haina kamati, ina mwenyekiti.

Kuna kodi pia. Chama kikishakuwa na TIN, TRA watakitazama kama taasisi nyingine. Ada ya mjumbe wa bodi ambaye sio mwajiriwa wa kudumu inakatwa kodi ya zuio asilimia 15, na ada ya huduma mnayolipa kampuni ya ulinzi au ya lifti ya hapa nchini inakatwa asilimia 5, na hizo mnazipeleka nyie. Kwahiyo mkipitisha 50,000 ya mweka hazina, semeni kabisa kama ni kabla au baada ya makato: kabla ya makato atapokea 42,500, na ni bora ajue kabla hajagombea.

Gharama halisi, mfano nauli ya kwenda ofisi za DAWASA au vocha ya kumpigia fundi, zirudishwe kwa risiti na zihesabiwe ndani ya dari ile ile. Mkopo kwa mjumbe kutoka akaunti ya jengo, hapana. Hata wa siku tatu. Hata ana mgonjwa, mchangieni kwenye grupu.

Kila robo mwaka ubaoni pale chini pabandikwe karatasi moja: zilizoingia, zilizotoka, kila mjumbe kalipwa shilingi ngapi kwa jina lake, na nyumba zinazodaiwa kwa namba ya mlango. Namba ya mlango tu, msiandike majina ya wadaiwa, mtaitana mahakamani kwa kuchafuana.

Kumtoa mtu

Andikeni kwenye kanuni: aliyekosa vikao vitatu mfululizo bila taarifa amejitoa mwenyewe, aliyeuza nyumba yake amejitoa siku ya kuhamisha hati, aliyefikisha deni la miezi mitatu anasimama mpaka alipe. Kwa makosa makubwa robo ya wamiliki wakisaini barua, mkutano wa dharura unaitishwa ndani ya siku 30, anasikilizwa, kura inapigwa. Anayeziba pengo anamalizia kipindi cha aliyetoka, haanzi upya.

Ikishindikana kabisa, migogoro ya ardhi na nyumba inaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 kazi yake kwenye ardhi ni kusuluhisha tu, haliamui tena. Siku 30 zikipita bila suluhu mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko wataomba karatasi: tangazo la mkutano, orodha ya mahudhurio, muhtasari uliosainiwa, kanuni. Skrinshoti za grupu mnaweza kubeba ila msizitegemee.

Na siku kamati ya zamani inatoka, makabidhiano yafanyike kwa maandishi ndani ya siku saba, posho ya mwisho ya mweka hazina na katibu ishikiliwe mpaka wasaini. Orodha iwe na namba za mita za LUKU za maeneo ya pamoja, daftari la jenereta, funguo ya chumba cha pampu, ile funguo ya kufungulia mlango wa lifti ikikwama, mikataba, vitabu vya risiti, uadmini wa grupu, na email ya chama na neno lake la siri. Benki nendeni wote, waliotoka na walioingia, mkiwa na muhtasari halisi na vitambulisho, maana kubadilisha watia saini inachukua mda na kama mmoja wa zamani kasafiri mtakaa wiki kadhaa hela ipo na hakuna wa kuitoa, na fundi wa lifti hasubiri.